Kugeuza Video kwa Kompyuta ya Nyumbani: Namna ya Kuchagua Programu Ifaayo

1. Utangulizi

Mwaka 1986, mjini Lubumbashi, kundi la maigizo la Mufwankolo lilitayarisha mchezo wa televisheni uliohusu mamlaka. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatilia matayarisho hayo, akayaandikia kitabu kilichotolewa mwaka 1990. Kwa sababu hiyo mazungumzo ya wachezaji wale, katika Kiswahili cha mji wao, yanaweza kusomwa hata leo. Hata hivyo maandishi yana mpaka wake. Hayaonyeshi mkono ulioinuliwa kabla ya neno kutamkwa, wala jicho lililomkonyeza mtazamaji, wala kimya kilichotangulia kicheko. Mambo hayo hubaki katika picha na sauti, na mahali ambapo picha na sauti zimepotea, mwanaisimu hubaki na nusu ya ushahidi.

Kaseti za aina hiyo zingali katika nyumba nyingi: maigizo, arusi, mahubiri, mahojiano na wazee, kazi za utafiti za wanafunzi wa zamani. Muda wake unakwisha. Utepe wa sumaku huchakaa hata ukiwa kabatini, na mashine za kuuchezesha hazitengenezwi tena. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi wa Julai 2016. Ndiyo maana watu wengi huhamishia kaseti zao katika kompyuta, kisha huanza kutafuta programu ya kugeuza video ili zichezeke katika simu, katika televisheni au katika programu za uchambuzi wa lugha.

Hapo ndipo hasara nyingi hutokea. Swali linaloulizwa kwanza ni: programu ipi ni bora? Makala haya yanaonyesha kwamba swali hilo linakuja mapema mno. Neno moja, kugeuza, linafunika kazi tatu zilizo mbalimbali: moja haipotezi kitu, ya pili hupoteza daima, na ya tatu hutunza yote kwa gharama ya nafasi kubwa. Asiyezitenga kazi hizo hawezi kuchagua programu. Atachaguliwa na programu.

2. Faili ya video imejengwaje?

Faili ya video si kitu kimoja. Ndani yake mna mkondo wa picha na mkondo wa sauti, na pengine mkondo wa maandishi yanayosomwa chini ya picha. Mikondo hiyo hufungwa pamoja katika kitu ambacho makala haya yatakiita kasha. Herufi zinazoandikwa mwishoni mwa jina la faili, kama vile AVI, MP4 au MKV, hutaja kasha tu. Kasha la AVI lilitolewa na Microsoft mwaka 1992. Lile la MKV, yaani Matroska, lilianza mwaka 2002.

Kwa upande mwingine, kila mkondo umesimbwa kwa kanuni fulani iitwayo kodeki. Kodeki ndiyo inayoamua picha zibanwe namna gani ili zienee katika diski. MPEG-2 ndiyo iliyotumiwa katika diski za DVD, H.264 iliidhinishwa mwaka 2003, nayo huchezeka karibu katika kila simu na kompyuta, H.265 ilifuata mwaka 2013, na AV1 mwaka 2018. Faili mbili zenye jina la MP4 zinaweza kuwa na kodeki tofauti kabisa, moja ikacheza katika televisheni ya nyumbani na nyingine ikakataa. Mtu asemaye "televisheni yangu haikubali MP4" kwa kawaida amelaumu kasha kwa kosa la kodeki.

Mfano wa barua unaweza kusaidia. Kasha ni bahasha, mkondo ni barua yenyewe. Kubadili bahasha hakugusi hata nukta moja ya barua. Lakini kuiandika barua upya kwa muhtasari ni jambo jingine.

Kwa nini picha hubanwa? Hesabu ndogo inatosha kueleza. Picha moja ya televisheni ya kawaida, ya mfumo wa PAL au SECAM, ikiingizwa katika kompyuta huwa na nukta 720 kwa 576, yaani nukta 414,720. Kila nukta ikipewa baiti 2, na picha zikiwa 25 kwa sekunde, kila sekunde moja inahitaji takriban megabaiti 20.7, na saa moja karibu gigabaiti 75, kabla ya kuongeza sauti. Kamera za DV, zilizoenea tangu nusu ya pili ya miaka ya 1990, hubana picha hadi saa moja ikatosha katika gigabaiti 13 hivi. H.264 ikipewa megabiti 2 kwa sekunde hutumia megabaiti 900 tu kwa saa. Upungufu huo hupatikana kwa njia mbili: kuacha kurudia kile ambacho hakikubadilika kutoka picha moja hadi nyingine, na kutupa yale ambayo jicho la kawaida haliyatambui upesi. Njia ya kwanza haina hasara. Ya pili inayo, na maji yakimwagika hayazoleki.

3. Kazi tatu zinazoitwa kugeuza

3.1. Kubadili kasha

Katika kazi hii mikondo hutolewa katika kasha moja na kuwekwa katika jingine jinsi ilivyo. Hakuna nukta inayobadilika. Kazi huchukua muda mfupi sana hata katika kompyuta ya zamani, kwa sababu kompyuta inanakili tu, haihesabu upya. Faili ya MKV yenye picha za H.264, ambayo televisheni inaikataa kwa sababu ya kasha, mara nyingi hukubaliwa ikihamishiwa katika MP4. Watu wengi hungoja saa nzima programu isimbe upya kile ambacho kingemalizika kwa dakika moja bila hasara yoyote.

3.2. Kusimba upya

Hapa mkondo hufumuliwa kuwa picha kamili, kisha hubanwa tena kwa kodeki nyingine, au kwa kodeki ileile kwa kipimo kingine. Kazi hii ni ya lazima pale ambapo kifaa hakielewi kodeki ya zamani, au faili ni kubwa mno kutumwa. Lakini kila duru ya kusimba kwa kodeki yenye hasara hutupa kitu, na duru inayofuata hutupa kutoka katika kile kilichobaki. Faili iliyopitia mikono mitano, kila mmoja akiigeuza kwa simu yake, huonyesha uso uliokuwa na mikunjo ya uzee ukiwa laini kama wa kijana. Kuigeuza tena kwa kipimo kikubwa hakurudishi mikunjo hiyo. Huongeza uzito wa faili tu.

3.3. Kusimba bila hasara

Kazi ya tatu ni ya hifadhi. Kodeki ya aina hii hubana kwa kuondoa marudio tu, na ikifumuliwa hurudisha picha ileile, nukta kwa nukta. Iliyo mashuhuri katika hifadhi za kumbukumbu ni FFV1, ambayo maelezo yake rasmi yalichapishwa hadharani mwaka 2021, na ambayo mara nyingi hufungwa katika kasha la MKV. Faili zake ni kubwa, nazo hazikusudiwi kutumwa kwa simu. Zinafaa kwa kaseti ya VHS inayoingizwa katika kompyuta mara moja, kwa sababu pengine utepe hautastahimili mara ya pili. Kaseti ya DV, kinyume chake, tayari imesimbwa na kamera. Hakuna faida ya kuisimba tena kwa ajili ya hifadhi. Inatosha kunakili mkondo wake ulivyo.

4. Sauti: jambo linalosahauliwa

Programu nyingi huuliza maswali mengi kuhusu picha na machache kuhusu sauti. Kwa anayechunguza lugha mpangilio huo umepinduka. Achukuliwe kwa mfano mtafiti anayetaka kupima tofauti ya matamshi ya s na sh, kama katika jozi za pasa na pasha, au soka na shoka. Nguvu kubwa ya sauti ya s hukaa juu ya hezi 4,000, ilhali ile ya sh huanza chini zaidi. Simu nyingi za zamani zilirekodi video katika kasha la 3GP kwa kodeki ya sauti iitwayo AMR, ambayo katika namna yake ya kawaida huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde. Kwa kanuni ya sampuli, faili hiyo haiwezi kuwa na chochote juu ya hezi 4,000. Mtafiti akiigeuza kuwa WAV ya sampuli 48,000 atapata faili kubwa yenye sura ya ubora. Lakini sehemu muhimu ya s haimo, wala haikuwahi kuwamo. Akichora mchoro wa mawimbi na kuhitimisha kwamba msemaji hatofautishi sauti hizo mbili, atakuwa ameeleza simu badala ya mtu.

Kwa sababu hiyo sauti ya utafiti hutolewa katika rekodi ya kwanza kabisa, si katika nakala iliyokwisha kubanwa. WAV ya biti 16, sampuli 48,000 na njia mbili huchukua takriban megabaiti 691 kwa saa, mzigo ambao diski za leo huubeba bila taabu. Programu ya ELAN, iliyotungwa katika Taasisi ya Max Planck ya Isimunafsia mjini Nijmegen, Uholanzi, huweza kuchezesha video na WAV pamoja, na kufunga kila sentensi iliyonukuliwa kwa wakati wake. Hapo ndipo jambo jingine huonekana. Simu nyingi hazirekodi idadi ileile ya picha kila sekunde. Huzidisha na kupunguza kufuatana na mwanga. Programu za uchambuzi zikikutana na faili kama hiyo, picha na sauti zinaweza kuachana kidogo kidogo hadi midomo isiafikiane na maneno. Kwa nakala ya kufanyia kazi, basi, programu iamriwe kutoa idadi ya picha isiyobadilika.

5. Programu zenyewe

Baada ya kazi kutengwa, uchaguzi unakuwa mwepesi. Programu zifuatazo ni huria: hazilipiwi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzichunguza na kuzigawa.

FFmpeg ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard. Haina dirisha wala vitufe. Mtumiaji huiandikia amri. Ndiyo inayofanya kazi zote tatu. Kwa kubadili kasha bila kugusa mikondo, amri moja inatosha:

ffmpeg -i mahojiano.mkv -c copy mahojiano.mp4

Neno copy ndilo lenye uzito wote: linaiambia programu inakili, isisimbe. Kwa kutoa sauti peke yake kuwa WAV huandikwa:

ffmpeg -i mahojiano.mp4 -vn -c:a pcm_s16le mahojiano.wav

Amri hizo huwatisha wengi mwanzoni. Faida yake ni kwamba zinaweza kuandikwa katika daftari, zikarudiwa vilevile kwa kaseti hamsini, na kutajwa katika tasnifu ili msomaji ajue data ilipitia wapi.

Wasiopenda kuandika amri wana programu zilizojengwa juu ya FFmpeg. LosslessCut hukata na kuunganisha vipande bila kusimba upya. Shutter Encoder hutoa kazi nyingi zaidi, nayo ina menyu za Kifaransa, jambo linalowafaa wasomaji wa Kongo.

HandBrake ilianza mwaka 2003. Ina sura nyepesi na mipangilio iliyo tayari kwa simu, televisheni na kompyuta. Jambo moja lapaswa kujulikana: HandBrake husimba picha upya kila inapofanya kazi. Ni chombo cha kazi ya pili, tena chombo kizuri, lakini si cha kubadili kasha. Ubora wake hupangwa kwa namba. Namba ikipungua, ubora na uzito huongezeka. Kwa picha za televisheni ya kawaida maelezo ya programu yenyewe hupendekeza namba kati ya 18 na 22. Matoleo yake ya sasa yanahitaji mfumo wa biti 64, hivyo kompyuta kuukuu sana haziyakubali.

VLC ilitokana na kazi iliyoanzishwa mwaka 1996 na wanafunzi wa École Centrale Paris, ikafanywa huria mwaka 2001. Hujulikana kama programu ya kuchezesha, lakini huweza pia kugeuza. Yafaa kwa dharura, maana tayari imo katika kompyuta nyingi. Hata hivyo haimpi mtumiaji nafasi rahisi ya kuamua mambo madogo madogo.

Nje ya hizo zipo programu nyingi za kibiashara. Baadhi hutolewa bure kwa majaribio, kisha huandika jina lao juu ya picha, au hugeuza dakika chache tu hadi mtu alipe. Nyingine huleta ndani ya kompyuta vitu visivyoombwa. Zipo pia huduma za intaneti zinazopokea faili na kuirudisha imegeuzwa. Kwa klipu ya kuchekesha hazina neno. Kwa mahojiano ya utafiti ni jambo la kutafakari sana: mzee aliyekubali kurekodiwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu hakukubali sauti yake ipelekwe katika kompyuta asiyoijua. Gharama ya kupakia gigabaiti nyingi ni sababu ya pili tu.

6. Umeme, kompyuta na muda

Mahali ambapo umeme hukatika, uchaguzi wa kasha una uzito ambao vitabu vya ughaibuni havitaji. Katika MP4 ya kawaida, orodha inayoonyesha mahali pa kila picha huandikwa mwishoni mwa kazi. Umeme ukikatika dakika moja kabla, saa tatu za kusimba huweza kuacha faili isiyofunguka. MKV huandikwa kwa namna ambayo sehemu iliyokwisha kuhifadhiwa kwa kawaida huchezeka. Kwa hiyo ni busara kusimba kwanza katika MKV, kisha kuhamishia katika MP4 kwa kubadili kasha tu. Ni busara pia kugawa kaseti ya saa tatu katika vipande vya nusu saa.

Kuhusu muda, kompyuta yenye kadi ya picha ya kisasa inaweza kusimba kwa kadi hiyo upesi zaidi kuliko kwa kichakataji. Hata hivyo, kwa ubora uleule, kwa kawaida faili hutoka kubwa zaidi. Kwa nakala ya kutumwa leo haraka inakubalika. Kwa nakala itakayogawiwa kwa miaka, afadhali kompyuta ifanye kazi usiku kucha.

7. Jaribio kabla ya uamuzi

Programu haichaguliwi kwa sifa bali kwa jaribio. Kipande cha dakika mbili kichukuliwe katikati ya rekodi, mahali penye watu wanaozungumza kwa zamu, mwendo, na pembe yenye giza. Kigeuzwe, kisha mambo manne yakaguliwe.

Kwanza, mistari. Televisheni ya zamani ilichora kila picha kwa nusu mbili, mistari ya witiri na mistari ya shufwa. Katika kompyuta, mkono unaosogea huonekana umechanika kama meno ya kitana. Programu nzuri ina kichujio cha kuunganisha nusu hizo. Kichujio hicho kitumiwe katika nakala ya kutazama, kamwe si katika faili ya hifadhi.

Pili, umbo. Nukta za 720 kwa 576 si za mraba. Picha yapasa kuonekana kwa uwiano wa 4 kwa 3. Programu isiyojua hilo hufanya nyuso zote kuwa nyembamba kidogo.

Tatu, giza. Katika pembe nyeusi ndipo ubanaji uliokithiri huonekana kwanza, kwa miraba inayotetemeka.

Nne, midomo. Ukaguzi huu haufai kufanywa katika kipande kifupi. Rekodi nzima ikishageuzwa, dakika zake za mwisho zitazamwe, kwani kuachana kwa picha na sauti hukua polepole.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba kuchagua programu ni kuchagua kazi. Anayetaka tu faili ikubaliwe na kifaa kingine abadili kasha, kwa FFmpeg au kwa programu zilizojengwa juu yake. Anayetaka kugawa asimbe upya, kwa HandBrake au nyinginezo, akitoa nakala kutoka katika faili ya kwanza na si kutoka katika nakala ya nakala. Anayetaka kuhifadhi asimbe bila hasara, au asisimbe kabisa.

Juu ya yote hayo kuna kanuni moja isiyotegemea programu: faili ya kwanza haifutwi. Makosa ya kugeuza husahihishwa siku yoyote maadamu faili hiyo ipo, katika diski mbili zinazokaa nyumba mbili. Wanafunzi wengi hufuta rekodi asilia baada ya kupata nakala ndogo inayocheza vizuri katika simu, ili kupata nafasi. Nafasi hununuliwa. Sauti ya msemaji aliyezaliwa kabla ya vita, akieleza kwa Kiswahili cha kambi ya migodi jinsi mji ulivyokuwa, hainunuliwi popote.